Khabari za Mkimbizi ni Mali ya Nani?

Desturi tuliyoikuta kwa wazee wetu ni kuwa mgeni akipiga hodi hupewa maji kwanza, kisha mkeka, kisha chakula. Huulizwa khabari za atokako, naam, lakini hilo ni neno la adabu, na jawabu yake ni "njema" hata kama mwenyewe ametoka motoni. Kisa chake khasa, nini kilichomtoa kwao na nani aliowaacha nyuma, husubiriwa mpaka apende mwenyewe kukifungua. Asipopenda, basi. Mwenye nyumba hamnyimi chakula kwa ajili hiyo.

Mkimbizi mambo yake huwa kinyume. Yeye akifika mpakani huulizwa kabla ya kupewa. Jina lako nani? Baba yako nani? Kabila gani? Umeona nini njiani? Una ndugu jeshini? Huulizwa na askari, kisha na karani wa serikali, kisha na watu wa misaada, na kila mmoja katika hao ana sababu yake, kwani nchi haiwezi kumpokea mtu isiyemjua. Nao hatuna ugomvi hapa. Lakini baada ya hao huja mtu wa nne, ambaye hana chakula cha kugawa wala cheti cha kuandika. Huyu ni mtafiti: mwalimu au mwanafunzi wa chuo kikuu, amekuja na daftari na kinasa sauti, ataka kujua wakimbizi wanaishije na wamepatwa na nini, ili akaandike. Akisha kuandika hupata shahada, au kitabu, au cheo.

Huyo ndiye tunayetaka kumsema leo, na hatumsemi kwa kumchongea. Siku hizi mtu huyo si Mzungu peke yake. Ni kijana wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja, anayesoma elimu ya jamii katika vyuo vyetu. Au ameajiriwa kuwa mkalimani, kwani Kiswahili ndicho kinachofahamika njia nzima kutoka pwani mpaka Kongo. Ni mtoto wako, msomaji. Na swali tunalomwuliza ni moja: maneno ayatoayo mkimbizi kinywani mwake juu ya msiba wake, akisha kuyatoa ni mali ya nani?

Wako wasemao kuwa ni zawadi: amekupa, ni yako, fanya utakavyo. Wengine husema ni biashara: umempa sabuni na sukari, naye amekupa kisa, mmemalizana. Sisi twasema ni amana. Na neno hili hatulitii hapa kwa kupambia maneno, kwani amana katika sharia ina hukumu zake zinazojulikana. Aliyewekewa hana ruhusa ya kukitumia kitu ila kwa idhini ya mwenyewe. Hana ruhusa ya kumkabidhi mtu mwengine bila ya kuambiwa. Yampasa akiweke mahali panapolingana na kitu chenyewe, kwani dhahabu haiwekwi panapowekwa kuni. Na mwenyewe akija kukitaka, hurudishiwa. Ukizichukua hukumu hizi nne ukazipima kwa kazi ya mtafiti, utaona mara moja ni wangapi wataokoka.

Tabora na njia yake yaweza kutupa mifano ya kutosha, na ya zamani kuliko vyuo vikuu vyetu vyote.

Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, tarehe 7 Novemba 1857, wakitokea pwani, wamechoka na homa. Waarabu wa pale waliwapokea kwa ukarimu. Mwenyeji wao mkubwa alikuwa Snay bin Amir, wa kabila la Harthi. Aliwapa makao, akawasaidia katika mambo ya wapagazi, akakaa na Burton akimfundisha lugha za bara na kumweleza nchi ambazo Burton hakuzifikia kwa miguu yake: Karagwe, Buganda, Bunyoro. Burton aliyatia hayo katika kitabu chake cha mwaka 1860, na kwa haki ya Mungu alimtaja mwenyeji wake kwa jina na akamsifu. Kwa hili amewapita wengi waliokuja baada yake. Lakini khabari ya njia, ya visima, ya nani ana nguvu na nani hapatani na nani, iliyotolewa barazani kwa ukarimu, haikubaki barazani. Ilikwenda London ikachapwa, na aliyetaka aliisoma. Mwaka 1890 bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora, na Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipoona ngome yake imevunjwa, aliwasha baruti ajilipue kuliko kushikwa. Hatusemi kuwa Burton ndiye aliyewaleta Wajerumani. Twasema kuwa Snay hakuwa na njia ya kujua maneno yake yatafika wapi, na Burton naye hakuwa nayo, na wala hapana kati yao aliyeuliza.

Na kuna walioipita njia hiyo hiyo ambao hapana mtu aliyewauliza neno. Ni wale waliotolewa bara wamefungwa, wakaletwa pwani wakauzwa, na wengine katika hao ni bibi zetu (sisi watu wa pwani tu wepesi wa kulisahau hili). Visa vyao vilivyobaki katika karatasi ni vichache mno. Twajua bei za pembe za ndovu kuliko tunavyoyajua majina yao. Basi mwenye kudhani kuwa dawa ya utafiti mbaya ni kutouliza kabisa, na aifikirie njia hii kwanza. Kunyamaziwa nako ni dhulma.

Mwaka 1972 njia ya Tabora ilipata wageni wengine. Mwezi wa Aprili mwaka huo kulitokea uasi katika Burundi, na serikali ya kijeshi, ambayo wakubwa wake walikuwa Watutsi, ililipiza kwa kuwaua Wahutu, khasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Waliouawa huhesabiwa kwa laki. Waliosalimika walivuka mpaka, na serikali ya Tanzania ikawapokea kwa wema ambao ulimwengu uliushuhudia. Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya mambo kama haya. Walipewa ardhi katika makazi makubwa: Ulyankulu katika mkoa wa Tabora, na Katumba upande wa Mpanda. Mishamo ilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilipoonekana kuwa Ulyankulu pamejaa na maji hayatoshi. Waliufyeka msitu wa miombo wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Lakini kutoka nje ya makazi bila ya ruhusa ya karatasi kulikuwa ni kosa.

Mwaka 1985 alifika huko mtafiti wa Kifini, bibi Liisa Malkki. Alikaa yapata mwaka mmoja, nusu yake Mishamo na nusu yake katika mji wa Kigoma, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Alieleza jambo la ajabu. Watu wa Mishamo walishika taarikh yao kwa pamoja, wakiisimulia takriban kwa maneno yale yale: sisi ni Wahutu, haya ndiyo tuliyotendwa, na iko siku tutarudi. Lakini wenzao waliokuwa wakiishi Kigoma mjini walikuwa wamejichanganya na wenyeji. Waliowana nao, wakafanya kazi nao, na wengi hawakutaka kuitwa wakimbizi wala kujulikana kuwa ni Wahutu. Wale wa mwanzo walitaka kusikika, na hawa wa pili walitaka kutoonekana.

Hebu tutue hapa kidogo. Mtu atakaye kusikika, kumsikiliza ni kumfadhili. Lakini mtu ambaye usalama wake ni kule kutoonekana, ukimuuliza "wewe khasa ni nani?" umemgusa pale penye uhai wake, hata kama umeuliza kwa upole na kwa kicheko. Na khatari yake si ya siku ile. Mwishoni mwa mwaka 1997 na mwaka uliofuata, jeshi la Tanzania liliwakusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi katika vijiji na miji ya magharibi, likawapeleka makambini. Wengine walikuwa wamekaa hapo kwa miaka mingi, wameoa na kuzaa na kulima. Shirika la Human Rights Watch liliyaeleza hayo mwaka 1999. Hapana dalili yoyote kuwa kitabu cha mtafiti ndicho kilichowafichua, na hatulisemi hilo. Lakini lifahamike vizuri: jambo lililoulizwa mwaka 1985 katika mji uliotulia, liligeuka miaka kumi na mbili baadaye kuwa ndilo jambo la kumtoa mtu nyumbani kwake. Anayeweka amana ya namna hii hawezi kuuangalia usalama wa leo peke yake.

Bibi Malkki mwenyewe, na hili ni katika mambo ya kumsifu, aliandika kuwa kazi yake ilifaulu kwa vile alivyokubali kuyaacha mawe mengine bila ya kuyafunua, na kwa kutochungulia asipotakiwa. Ni neno ambalo Muislamu hana haja ya kulisoma kwa Wafini. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa kupelelezana, na makatazo hayo hayakutoa ruhusa kwa mwenye shahada. Lakini ukweli ni kuwa bibi huyu alilitenda, na wangapi katika vijana wetu hulisoma wasilitende!

Sasa tuje kwenye ridhaa, kwani hapa ndipo watafiti wengi wanapojiona wameokoka. Watasema: sisi hatumlazimishi mtu. Tunayo karatasi, twamsomea, akikubali hutia sahihi au kidole gumba, asipokubali huondoka. Vyuo vikuu vyote siku hizi vyataka karatasi hiyo, na katika Tanzania mtafiti hana budi kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ruhusa ya wakubwa wa mambo ya wakimbizi kabla ya kuingia kambini. Yote hayo ni mema.

Lakini mtazame mtu mwenyewe. Chakula chake ni cha kupimiwa. Kuni zake zina mpaka wa kutafutiwa. Gari imesimama mbele ya banda lake, ndani yake ameteremka mgeni aliyefuatana na ofisa wa kambi, au na kijana wa shirika lile lile ligawalo unga. Anaulizwa: je, wapenda kuzungumza nasi? Naye moyoni anahesabu. Nikikataa, je, jina langu litawekwa pembeni? Nikikubali, je, huenda nikaandikwa katika wale wapelekwao Marekani? Na wala hii si ndoto ya mjinga, kwani Wakongo wengi wa kambi ya Nyarugusu walipelekwa kweli Marekani katika miaka ya 2010, na kila aliyepelekwa alianza kwa kuhojiwa. Yeye atatofautisha vipi baina ya mahojiano ya safari na mahojiano ya shahada, na hali zote mbili zina meza moja, kiti kimoja, na mgeni mmoja mwenye kalamu? Atasema "ndiyo". Sharia yetu haiihesabu ridhaa ya aliyelazimishwa kuwa ni ridhaa, na wanavyuoni wamejua tangu zamani kuwa lazima haiji kwa upanga peke yake.

Na karatasi yenyewe ina kichekesho chake, lau kuwa si jambo la huzuni. Katika daftari zima mtafiti amemficha msemaji kwa jina la uwongo ili asijulikane. Karatasi moja tu ndiyo yenye jina lake la kweli na kidole chake, nayo ni ile ya kumlinda. Akiulizwa ni ya nini, atasema yatakiwa na chuo. Basi aliyelindwa ni chuo.

Tena sahihi iliyotolewa kwa jambo moja huweza kwenda kutumika kwa jambo jengine. Ndugu zetu Warohingya waliokimbia Burma, ambayo sasa huitwa Myanmar, waliandikishwa katika kambi za Bangladesh pamoja na alama za vidole vyao, wakapewa kadi za kuchukulia misaada. Mwezi wa Juni 2021 Human Rights Watch walieleza kuwa khabari hizo zilipelekwa kwa serikali ya Burma, ile ile waliyoikimbia, ili itazame ni nani wa kurudishwa, na kuwa wengi waliohojiwa walisema hawakuelezwa hivyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilijibu kuwa liliwaeleza na likawataka idhini. Huenda wote wawili wamesema wanachokijua. Mtu anaweza kusomewa jambo mbele ya foleni ya chakula, akaitikia, na asiwe amesikia kitu.

Yupo mtu mmoja katika taarikh ya Uislamu ambaye aliwahoji wakimbizi, na kisa chake kila mtoto wa madrasa anakijua. Masahaba walipohamia Habasha, Makureshi walituma wajumbe kwa Najashi, na zawadi nyingi, wakitaka warudishwe. Najashi alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikia wenyewe. Akawaita, akawauliza, akasimama Jaafar bin Abi Talib akajibu kwa niaba ya wenzake. Baada ya kusikia, Najashi alizirudisha zawadi na akawahifadhi. Kisa hiki husomwa kwa ajili ya imani ya Jaafar, lakini hebu tukisome mara hii kwa ajili ya namna ya kuuliza. Najashi hakumchambua mmoja mmoja faraghani. Aliwaacha wachague msemaji wao. Aliwauliza lile tu ambalo hukumu yake ililihitaji. Maadui zao wapo pale pale, kwa hivyo walijua nani anayesikia. Na lililo kubwa kuliko yote, aliyeuliza alikuwa tayari kuubeba uzito wa jawabu. Hakusema, "Ahsanteni kwa khabari nzuri," kisha akaenda zake.

Hapa atatokea mwenye kusema: Najashi alikuwa mfalme, na mwanafunzi maskini wa chuo kikuu atafanya nini? Hana nchi ya kumhifadhi mtu. Ukimshurutisha aubebe uzito wa kila jawabu, hapatakuwa na utafiti, na dhulma za kambini hazitajulikana.

Hoja hii ni nzito na hatuipuuzi. Kuna utafiti uliowafaa wakimbizi kweli. Barbara Harrell-Bond, mwanamke wa Kimarekani, aliyeanzisha masomo ya wakimbizi katika chuo cha Oxford mwaka 1982, alikwenda kusini mwa Sudan kwa Waganda waliokimbia baada ya Amin kupinduliwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 hakutosheka na kuwahoji wakimbizi. Aliligeuza daftari akawahoji wagawao misaada: kwa nini mnagawa hivi, nani aliyewauliza wenyewe wanataka nini, na kwa nini mnamwita mvivu mtu mliyemkataza kufanya kazi? Wengi walimchukia kwa hilo. Lakini tangu hapo imekuwa vigumu kusema kuwa ndani ya kambi aliye na jambo la kuchunguzwa ni mkimbizi peke yake. Waswahili husema siri ya mtungi iulize kata, na kata ya kambini imo mikononi mwa mgawaji.

Hata hesabu ya makazi ya zamani ya mwaka 2007 ilikuwa ni kuuliza. Wakimbizi wa 1972 na watoto wao, kiasi cha 218,000, waliulizwa: wataka kurudi Burundi au wataka kuwa raia wa Tanzania? Takriban wanne katika kila watano walichagua uraia. Swali hilo lilikuwa na mwenye kuubeba uzito wake, na mwaka 2010 watu kiasi cha 162,000 walikubaliwa. Lakini vyeti vyao vilikaa miaka mingine minne, kwa sharti la kuhama makazi waliyoyajenga wakatawanywe katika mikoa mingine, na vikaanza kutolewa mwaka 2014, sharti hilo lilipolegezwa. Kwa muda huo wote mtu alikuwa si mkimbizi wala hana cheti cha uraia. Hapo ndipo utafiti mwengine ulipofaa, wa watu waliokwenda kuwasikiliza na kuandika kuwa ahadi imekwama. Wala wao hawakuwa wafalme. Walichokuwa nacho ni kuwa walijua maneno yale watayapeleka kwa nani na kwa kazi gani, na wasemaji walijua hivyo hivyo.

Kwa hivyo jawabu yetu ni kuwa uzito wa kila mtu ni kwa kiasi cha nguvu zake. Mwanafunzi asiye na la kumpa mkimbizi na aseme hivyo mwanzo, kwa ulimi ulio wazi, na amwambie asipokuwepo yule ofisa: mimi si mtu wa misaada, sina gari ya Marekani, ukiniambia "sitaki" leo au kesho kutwa hapana litakalokupata. Kisha anyamaze, ampe siku mbili tatu. Atakaowapoteza kwa kusema hivyo hawakuwa wamekubali.

Kuna jambo jengine gumu zaidi, ambalo watu wa utafiti hulipitia kwa haraka. Je, ikiwa maneno ya mkimbizi yenyewe yana sumu? Mtu aliyeuliwa watoto wake huzungumza kwa uchungu, na uchungu hauchagui. Visa vya Mishamo vilimtaja Mtutsi kuwa ni mtu wa hila na dhulma kwa asili yake, si askari fulani wala mtawala fulani. Kitabu chenye visa hivyo kilitoka mwaka 1995, na mwaka mmoja nyuma yake, katika nchi jirani ya Rwanda, Watutsi kwa laki nyingi walichinjwa kwa maneno ya namna hiyo hiyo yaliyosemwa redioni. Afanye nini mwenye amana? Akiyaficha amemkata msemaji ulimi. Akiyatoa yalivyo huenda akawatia watu wengine khatarini. Qur'ani, katika aya ya 148 ya Suratun Nisaa, imemtoa aliyedhulumiwa katika makatazo ya kuutaja uovu kwa sauti, na wanavyuoni wakamruhusu kumsema aliyemdhulumu bila ya kuwa ni ghiba. Lakini ruhusa hiyo ni juu ya aliyedhulumu, haifiki kwa kabila zima na vitukuu vyake. Kwa maoni yetu mtafiti hana haki ya kuyapunguza maneno ya msiba, wala hana haki ya kuyaacha maneno ya kuhukumu kabila yapite bila ya kusimama na kusema: haya ndiyo aliyoyasema, na huu ndio uchungu uliomsemesha, na hili si la kweli. Bibi Malkki alisema wazi kuwa anaeleza jinsi watu wanavyoijenga taarikh yao, si kuwa kila neno ni ushahidi. Wasomaji wote hulisoma hilo? Hatudhani.

Na jina? Kuliandika au kulificha? Hapa twamkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, pale njia ya Tabora inapoanzia. Sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka Ujerumani mwaka 1903 ni kazi yake, lakini jina lililowekwa juu ya jalada ni la Carl Velten. Mtoro alisomesha Kiswahili Berlin, akaoa huko, alipotaka kurudi na mkewe Afrika alizuiliwa, akafa Ujerumani mwaka 1927. Kwake yeye kufichwa jina kulikuwa ni kunyang'anywa. Na kwa wale vijana wa Kirundi waliotoroka makazi wakawa mafundi cherahani wa siri Dar es Salaam, ambao Marc Sommers aliandika khabari zao katika kitabu cha mwaka 2001, kufichwa jina kulikuwa ni kuokolewa. Tendo ni moja na hukumu zake ni mbili, na ajuaye ipi ni ipi ni mwenye jina. Kwa hivyo ile kawaida ya kuwabadilisha watu wote majina bila ya kuwauliza nayo si uangalifu kamili. Mzee anayetaka wajukuu wake wajue kuwa ni yeye aliyesema, na aandikwe, ikiwa ameelezwa khatari yake akaifahamu.

Mambo haya pwani hayako mbali nasi. Watu wa Barawa walipokimbilia Mombasa katika miaka ya 1990 walikaa kambini mlangoni mwetu. Wapemba zaidi ya elfu mbili walivuka bahari mpaka Shimoni baada ya mauaji ya Januari 2001, nao walikuwa wamewaacha ndugu na wazazi kisiwani, ambapo jina moja likitajwa ovyo lingeweza kumrudia mtu nyumbani. Wenyeji wa Shimoni waliowapokea hawakuhitaji karatasi ya chuo ili kujua lipi la kuuliza na lipi la kuacha.

Na mkalimani, ambaye huenda akawa ndiye mtoto wako, amana yake ni kubwa kuliko ya mwajiri wake. Mwajiri atasikia tafsiri. Yeye ndiye aliyesikia sauti. Mwajiri atapanda ndege. Yeye atabaki, na atakutana na msemaji sokoni. Likimponyoka neno barazani, kwa mazungumzo tu, hapana sharti la chuo litakalolirudisha. Mzazi aliyezoea kumwuliza mwanawe "haya, wamekwambia nini huko?" na auache mchezo huo.

Watu wa Ulyankulu walio wengi leo si wakimbizi. Ni Watanzania, na wajukuu zao husoma Tabora na Dar es Salaam. Lakini vitabuni wangali ni wakimbizi wa mwaka 1972, na takriban vyote vimeandikwa kwa lugha ambazo bibi zao waliosema maneno yale hawakuzisoma. Mjukuu mmoja akikuta maneno ya bibi yake katika maktaba ana haki ya kuuliza daftari lenyewe liko wapi, nani mwengine amelisoma, na bibi alipoyasema haya aliambiwa ni ya nini.